Shamba safi na vumbi la Tambarare Kuu

Kwa miaka mingi niliamini, kama wanavyoamini wengi waliowahi kushika jembe, kwamba mkulima hodari hutambulika kwa usafi wa shamba lake. Shamba lisilo na bua lililosimama wala gugu hata moja, lililotifuliwa hadi udongo ukawa laini kama unga, lilikuwa machoni pangu ushahidi wa bidii. Na shamba lenye mabua yaliyotapakaa baada ya mavuno lilikuwa ushahidi wa uvivu. Imani hiyo ilianza kunitoka nilipoisoma kwa makini historia ya Tambarare Kuu za Marekani, ambako katika miaka ya 1930 mashamba yaliinuka kutoka ardhini na kuziba jua. Nilitarajia kukuta habari za ukame na uzembe. Nilichokuta ni habari za watu wenye bidii ya kupita kiasi, ambao wengi wao walifuata ushauri uliosifiwa na wataalamu wa siku zao, wakayasafisha mashamba yao mpaka yakapeperuka.

Yafaa kuanza na nyasi zenyewe, kwa kuwa wengi wetu tukitazama mbuga ya nyasi huona mahali patupu panaposubiri kupewa kazi. Kusini mwa Tambarare Kuu, yaani magharibi mwa Kansas, kusini-mashariki mwa Colorado, kaskazini-mashariki mwa New Mexico na zile sehemu za Oklahoma na Texas zinazochomoza kwenye ramani kama mpini wa kikaango, mvua kwa kawaida haifiki milimita 500 kwa mwaka, na hata wastani huo hudanganya, maana miaka michache ya neema hufuatwa na mingine mikavu bila kupiga hodi. Upepo hauna mlima wala msitu wa kuuzuia. Mimea iliyoyamudu maisha hayo ni nyasi fupi, hasa grama ya buluu na zile ziitwazo nyasi za nyati, ambazo juu ya ardhi ni kimo cha kiganja tu, lakini chini zimeshonana mizizi kama mkeka uliosukwa kwa karne nyingi, na baadhi ya mizizi hiyo hushuka zaidi ya mita moja kufuata unyevu. Ukame ukija, majani hukauka na mmea hulala, ila mizizi haiuachii udongo. Walowezi wa kwanza katika tambarare zile, walipokosa miti ya kujengea, walikata vipande vya ardhi pamoja na nyasi zake, wakavipanga kama matofali na kujenga nyumba za kuta nene ambazo watu walikaa humo miaka kadhaa. Ardhi inayoweza kukatwa na kujengewa nyumba bila kumomonyoka mkononi si ardhi dhaifu hata kidogo.

Nyasi hizo zililiwa kwa maelfu ya miaka na baisoni, wale nyati wenye manyoya, waliotembea kwa makundi makubwa mno. Walikula mahali, wakapakanyaga, wakapaachia mbolea, kisha wakahama, na nyasi zikapata muda wa kuchipua upya. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880, waliobaki katika nchi nzima walikuwa elfu moja hivi, na watu waliowategemea, kama vile Wacomanche, Wakiowa na Wacheyenne, walikuwa wamekwisha kusukumwa kwenye maeneo ya hifadhi waliyotengewa. Nafasi yao ikajazwa na ng'ombe, wengi kuliko uwezo wa malisho, na majira ya baridi ya 1886 hadi 1887 yalipoua mifugo isiyo na idadi, jambo hilo likahesabiwa kuwa mkosi wa theluji tu. Wachache walijiuliza kama ng'ombe wale wangekufa vile lau wangeingia katika baridi wakiwa wameshiba.

Baada ya ng'ombe ikaja plau, na plau ilikuja na sheria mkononi. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, kama hekta 65, kwa sharti la kuishi hapo miaka mitano na kulima. Katika nchi ya mashariki yenye mvua ya kutosha, eneo hilo lilitosha kulisha familia. Kwenye nyasi fupi halikutosha kwa ufugaji, kwani ng'ombe mmoja huhitaji eneo kubwa la malisho, hivyo aliyepewa ekari 160 alikuwa amekwisha kuamuliwa kwamba atalima, atake asitake. Mwaka 1909 eneo hilo likaongezwa hadi ekari 320 kwa nchi kavu, ambazo nazo zilikuwa kidogo. Ninalitaja hili mapema kwa sababu tunapenda sana kumlaumu mwenye jembe na kumsahau aliyechora mipaka ya kiwanja.

Ili watu wakubali kwenda kulima nchi kavu, walihitaji pia kuaminishwa kwamba haitabaki kavu. Katika miaka ya 1870 na 1880 ilienea nadharia kwamba mvua hufuata plau. Samuel Aughey, profesa katika Chuo Kikuu cha Nebraska, alifundisha kwamba ardhi iliyolimwa hunywa maji mengi zaidi na kuyarudisha polepole hewani, kisha yakaanguka tena. Naye Charles Dana Wilber akaieneza fikra hiyo mwaka 1881 kwa maneno machache yaliyopendwa na wauza ardhi na kampuni za reli. Ilitokea kwamba miaka hiyo ilikuwa na mvua nzuri. Mvua zilipokatika katika miaka ya 1890, familia nyingi zilifunga virago, na nadharia ikafa bila mazishi.

Iliyofuata ilikuwa na akili zaidi, na kwa sababu hiyo ilikuwa na madhara zaidi. Hardy Webster Campbell, mkulima kutoka Dakota Kusini, alieleza kwamba maji yaliyomo udongoni hupanda juu kupitia vijitundu vyembamba, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, yakafika juu na kupotelea hewani. Basi mkulima akiuvunja ule utando wa juu kila baada ya mvua, akalifanya tabaka la juu kuwa laini na tifutifu, atakuwa ameukata utambi, na maji yatabaki chini yakisubiri ngano. Tabaka hilo liliitwa matandazo ya vumbi. Campbell aliandika miongozo, akatoa mihadhara, na kampuni za reli zilizotaka kujaza watu kandokando ya njia zao zikamsaidia kufungua mashamba ya mfano.

Naomba msomaji atue kidogo hapa. Katika nchi yenye upepo mkali kuliko karibu sehemu nyingine zote za bara lile, mkulima alishauriwa kwamba kila mvua inaponyesha aingie shambani na kutengeneza vumbi kwa makusudi. Wala nadharia yenyewe haikuwa upuuzi mtupu, kwa maana tabaka tifutifu kweli hupunguza kiasi fulani cha unyevu unaopotea. Kosa lake ni kwamba iliyatazama maji peke yake na kuusahau upepo. Tena ilimpendeza mkulima kwa sababu ilikubaliana na fahari yake: lile shamba safi, jeusi, lisilo na uchafu, sasa lilikuwa na sayansi ya kulitetea.

Hata hivyo ushauri peke yake haungefika mbali kama usingekutana na bei. Mwaka 1914 dola ya Uthmaniya ilifunga mlango wa bahari wa Dardaneli, na ngano ya Urusi iliyokuwa ikipitia Bahari Nyeusi ikakwama. Ulaya ilikuwa vitani na njaa. Bei ya busheli moja ya ngano, ambayo ni kama kilo 27, ilipanda Marekani hadi kupita dola 2, na serikali ikaahidi bei ya uhakika huku ikiwahimiza wakulima kwamba ngano ndiyo itakayoshinda vita. Nyasi zikapinduliwa kwa jina la uzalendo. Vita vikaisha, bei ikaporomoka, na hapo ndipo hesabu ya mkulima inapopaswa kueleweka vizuri, kwa sababu haikuwa hesabu ya mjinga. Alikuwa amekopa kununua ardhi, amekopa kununua trekta, na deni halikushuka pamoja na bei. Ikiwa busheli sasa ina nusu ya thamani yake ya jana, njia pekee ya kulipa benki ni kuvuna busheli mara mbili, na njia ya kuvuna mara mbili ni kuvunja nyasi zaidi. Jirani yake naye alifanya hivyo hivyo, ngano ikajaa sokoni, bei ikashuka zaidi, na wote wakarudi kwenye nyasi zilizosalia. Kati ya mwaka 1925 na 1930 zaidi ya ekari milioni tano za nyasi zilivunjwa kusini mwa tambarare.

Trekta na kombaini ziliwezesha mtu mmoja kulima eneo ambalo babu yake asingeweza kulimaliza na farasi sita. Kulikuwa pia na plau mpya ya visahani vyote vilivyoelekezwa upande mmoja, nyepesi, ya bei nafuu, inayokwenda kasi hata kwenye ardhi ngumu iliyokauka. Iliua magugu na kufukia mabua barabara, na kila ilipopita iliusaga udongo ukawa mlaini zaidi. Wakatokea hata wakulima wa masanduku, watu waliokuwa na kazi zao mijini, waliokuja na treni kupanda ngano, wakaondoka, wakarudi kuvuna kama kuna cha kuvuna. Mwaka usipokuwa na mavuno hawakuonekana kabisa, na shamba lao likabaki wazi, halina mlinzi.

Kalenda ya ngano ya majira ya baridi ilikamilisha mtego. Ngano ile huvunwa katikati ya mwaka. Mabua yakachomwa au yakafukiwa. Shamba likakaa tupu hadi Septemba, mbegu ikapandwa, na mche unatakiwa uwe umekwisha kufunika ardhi kabla ya baridi. Mvua ya vuli isipokuja, mche hauoti, au huota dhaifu. Kisha inaingia miezi ya Februari, Machi na Aprili, ambayo ndiyo miezi ya upepo mkali katika tambarare zile. Mwaka 1931 mavuno yalikuwa makubwa ajabu na bei ikawa duni kiasi kwamba wengine waliona hata gharama za kuvuna hazirudi. Mwaka huohuo mvua zikaanza kukatika.

Upepo unavyoiba udongo ni jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu, maana vumbi lenyewe haliruki kirahisi kama tunavyodhani. Chembe ndogo kabisa, zile zinazofanana na unga, hushikamana na kulala chini ya usawa wa upepo. Zinazoanza mchezo ni chembe za wastani, za ukubwa wa kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ya milimita. Upepo huinyanyua chembe kama hiyo sentimita chache tu, ikasukumwa mbele, ikaanguka kwa kasi, na pale inapogonga ardhi huzirusha chembe nyingine mbili tatu, nazo zikaenda kugonga zaidi. Unga uliokuwa umetulia hurushwa juu na mapigo hayo, na ukishafika juu upepo huubeba mbali sana. Hivyo shamba refu lisilo na kizuizi huwa baya kuliko mashamba mafupi mawili yenye ukanda wa nyasi katikati, kwa sababu mgongano ulioanza upande mmoja huongezeka kila mita hadi mwisho wa shamba. Kinachopaa mbali ndicho chenye mboji na rutuba. Kinachobaki ni mchanga. Na ule mchanga unaorukaruka ukifika kwa jirani aliyelima kwa uangalifu, humkata miche yake kama msasa, kisha shamba lake nalo huanza kuruka. Kwa hiyo haikutosha mtu mmoja kuwa mkulima mwema.

Dhoruba zilihesabiwa 14 mwaka 1932, na 38 mwaka uliofuata. Mei 1934 wingu moja lilitoka kwenye tambarare likavuka nusu ya bara, likaidondoshea Chicago vumbi, likatia giza New York na Washington, na likaangukia meli zilizokuwa mbali katika Atlantiki. Dhoruba iliyokumbukwa kuliko zote ilikuja Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935, baada ya asubuhi iliyokuwa na anga safi. Ukuta mweusi uliviringika kutoka kaskazini, ndege wakiruka mbele yake, na ulipofika watu walishindwa kuiona mikono yao wenyewe. Robert Geiger, mwandishi wa habari aliyekuwa eneo hilo, alitumia maneno mawili katika taarifa yake ya siku iliyofuata, na tangu hapo sehemu ile ikajulikana kama Bakuli la Vumbi.

Ndani ya nyumba, maisha yalikuwa ya kuhangaika na nguo mbichi. Mashuka yaliloweshwa na kutundikwa madirishani, nyufa za milango zikazibwa kwa matambara, na sahani ziliwekwa mezani zikiwa zimefunikwa kifudifudi hadi chakula kitakapopakuliwa, kisha kikaliwa upesi. Asubuhi mto wa kulalia ulikuwa na alama safi ya kichwa katikati ya vumbi. Msuguano wa chembe hewani ulizalisha umeme wa kutosha kuzima injini za magari, ndiyo maana madereva waliburuta minyororo nyuma ili umeme huo uingie ardhini, na watu waliogopa kupeana mikono. Watoto na wazee waliugua nimonia ya vumbi, na wengi walikufa. Ng'ombe walilishwa magugu ya miiba, maana hapakuwa na kingine kilichoota.

Kuna picha moja iliyopigwa na Arthur Rothstein mwezi Aprili 1936 katika wilaya ya Cimarron, Oklahoma, ambayo nimeitazama mara nyingi. Baba na watoto wake wawili wa kiume wanatembea dhidi ya upepo mbele ya kibanda cha mbao. Mtoto mdogo amebaki nyuma, ameinua mkono kuyakinga macho. Watu wengi huwatazama hao watatu. Mimi siku hizi hutazama ardhi iliyo mbele yao. Hakuna jani, hakuna bua, hakuna hata kisiki. Nguzo za uzio zimezama hadi karibu na vichwa vyake. Ni shamba safi kabisa.

Haki inanilazimu niseme kwamba wapo wanahistoria wasiokubali lawama zote zibebeshwe plau, nao wana hoja. Kumbukumbu za karne ya 19 zinataja dhoruba za vumbi katika tambarare hizo kabla nyasi hazijavunjwa kwa wingi, na katika miaka ya 1930 yapo malisho yasiyolimwa ambayo nayo yaliruka. Ukame wenyewe ulihusiana na maji ya Bahari ya Pasifiki kuwa baridi kidogo kuliko kawaida, jambo ambalo hakuna mkulima angeweza kulizuia. Ninalikubali hilo lote. Lakini tafiti za karne hii zilizotumia mifano ya kompyuta ya hali ya hewa zimeonyesha kwamba ukame ule haukufanana na ukame mwingine unaotokana na bahari ileile, na kwamba vumbi lililojaa angani lenyewe lilizidisha ukavu. Maana yake ni kwamba mashamba matupu hayakuteseka kwa ukame tu, bali yaliuongezea nguvu. Ukame ungekuja kwa vyovyote, na nyasi zilikwisha kupita katika ukame mwingi kabla ya huo. Kilichobadilika ni kilichokuwa juu ya udongo ulipofika.

Mtu aliyelielewa hilo mapema ni Hugh Hammond Bennett, mzaliwa wa Carolina Kaskazini na mtaalamu wa udongo serikalini. Mwaka 1909 idara yake mwenyewe ilikuwa imechapisha kwamba udongo ni mali ya taifa isiyoweza kuharibika wala kwisha. Bennett hakuyasahau maneno hayo; alisema baadaye hakujua kwamba habari nyingi za upotofu zenye gharama namna hiyo zingeweza kuwekwa katika sentensi fupi kama ile. Mwaka 1928 alitoa chapisho lililouita mmomonyoko hatari kwa taifa zima, na mwaka 1933 akapewa idara mpya ya kuushughulikia. Masika ya 1935 alikuwa mbele ya kamati ya bunge mjini Washington akitetea sheria, huku akijua kutokana na taarifa kwamba wingu la vumbi lilikuwa njiani kuja upande huo. Inasimuliwa kwamba aliyavuta maelezo yake mpaka mwanga madirishani ulipofifia. Tarehe 27 Aprili mwaka huo Rais Franklin Roosevelt aliitia saini sheria ya hifadhi ya udongo.

Hatua zilizofuata zilikuwa nyingi, na nyingine zilivutia macho kuliko zilivyosaidia. Mikanda ya miti iliyopandwa kuanzia mwaka 1935 ilipita milioni 200 kwa hesabu ya miti, nayo ilisaidia, ingawa mti unaohitaji maji si jibu la kwanza katika nchi iliyoukataa mti tangu zamani. Kulima kwa kufuata kontua, yaani kwa kukingama na mteremko, na kupanda kwa mikanda inayopokezana kulikuwa na faida ya moja kwa moja zaidi. Ila kwa maoni yangu mapinduzi ya kweli yalifanywa na vyuma vya bei ndogo. Fred Hoeme, mkulima wa Hooker, Oklahoma, alitengeneza mwaka 1933 plau ya meno mazito yaliyopinda, ambayo hupasua ardhi na kuleta juu mabonge badala ya kuipindua na kuisaga. Kaskazini, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, Charles Noble akatengeneza kisu kipana kinachopita chini ya ardhi, kikakata mizizi ya magugu na kuyaacha mabua yamesimama juu kama yalivyo.

Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi mkulima akubali shamba lake lionekane hivyo. Njia hiyo iliitwa kwa kubeza kilimo cha takataka. Mtu aliyelelewa akisifiwa kwa mistari iliyonyooka na udongo mweusi sasa aliambiwa ayaache mabua, aviache vijiti, aliache bonge kubwa kama kichwa cha mtoto, na apite barabarani akijua kwamba majirani wanalitazama shamba lake na kumhesabu mvivu. Mimi binafsi nadhani aibu hiyo ilichelewesha mambo kuliko ukosefu wa vifaa. Mahali ambapo mwenye shamba hakuwapo au alikataa, baadhi ya majimbo yalitunga sheria za kuruhusu shamba linaloruka litibiwe bila idhini yake na gharama adaiwe yeye, kwa kuwa mchanga wake ulikuwa tayari umekwisha kuvuka uzio.

Ungetarajia kwamba somo lililotangazwa dunia nzima kwa wingu lingefahamika. Mwaka 1954 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliamuru kuvunjwa kwa nyika za kaskazini mwa Kazakhstan na Siberia ya magharibi ili nchi yake ijitosheleze kwa ngano. Katika miaka michache makumi ya mamilioni ya hekta yalipinduliwa kwa plau nzito za kina kirefu. Mavuno ya 1956 yalikuwa ya kushangiliwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 dhoruba za vumbi zilikuwa zimeanza katika mikoa kama Pavlodar, na mwaka 1963 mavuno yalianguka vibaya, nchi ikalazimika kununua nafaka nje. Alexander Barayev, mkuu wa kituo cha utafiti cha Shortandy, alikuwa ameitembelea Kanada mwaka 1957 na kuona jinsi mabua yanavyoachwa juu. Alipotetea njia hiyo pamoja na kulipumzisha shamba kila baada ya misimu kadhaa, aligongana na Khrushchev mwenyewe, ambaye aliona ardhi iliyopumzika kuwa ngano iliyopotea. Mwaka 1972 Barayev na wenzake walipewa Tuzo ya Lenin kwa mfumo uleule.

Huko Marekani, serikali ilinunua baadhi ya mashamba yaliyoharibika zaidi na kuyarudishia nyasi. Mengine ndiyo leo Nyasi za Taifa za Cimarron, Kansas, na za Comanche, Colorado. Kuzirudisha nyasi hizo kulihitaji miongo, tena baada ya majaribio mengi ya mbegu kufeli, ilhali kuzivunja kulihitaji siku chache za trekta. Ukame uliporudi miaka ya 1950, vumbi liliruka tena, ingawa si kwa ukubwa ule. Baadaye pampu zilianza kuvuta maji ya kale yaliyo chini ya tambarare, katika hifadhi ya Ogallala inayopita chini ya sehemu za majimbo manane, na ardhi nyingi ikawa kijani hata mvua ikigoma. Lakini mahali pengi maji hayo yanavutwa haraka kuliko yanavyojazwa, na kusini yameshuka kiasi kwamba visima vingine vimeachwa.

Mwaka 1985 ulianzishwa mpango wa serikali wa kumlipa mkulima kodi ya pango kila mwaka ili ardhi yake iliyo rahisi kumomonyoka aiache chini ya nyasi kwa miaka kumi au zaidi. Mwaka 2007 eneo lililokuwa ndani ya mikataba hiyo lilifika karibu ekari milioni 37. Kisha bei za nafaka zikapanda, malipo hayo ya serikali yakaonekana madogo mbele ya faida ya mavuno, bunge likapunguza kiwango cha juu cha eneo linaloruhusiwa hadi ekari milioni 24, na mikataba ilipofikia mwisho wake wengi hawakuihuisha. Sehemu ya nyasi hizo, zilizopandwa kwa gharama ya umma juu ya udongo uliokwisha kuruka mara moja, ikapinduliwa tena.